Kabati Lisilopita Mlangoni

Mkwe wangu ni kinyozi, na kazi ya kinyozi yote ni kupunguza. Upande wa kushoto ukizidi anapunguza kushoto, wa kulia ukizidi anapunguza kulia, na akikosea nywele huota tena. Ubao hauoti. Nilitaka kumwambia hivyo tangu siku aliyoingia nyumbani na msumeno mpya, lakini mama mkwe anayelala chini ya paa la mkwewe hujifunza kumeza maneno yakiwa bado ya moto. Mtoto akililia wembe, mpe. Huyu alikuwa na nyembe za kutosha, sasa analilia msumeno.

Alianza na stuli. Alitazama kwenye simu jinsi inavyotengenezwa, akanunua mbao, msasa na kopo la gundi, akakata na kugongelea uani siku nzima. Ilipokwisha ikayumba. Akapunguza mguu mmoja, ikayumbia upande wa pili. Akapunguza wa upande wa pili, ikarudi kuyumbia wa kwanza. Mjukuu wangu alikuwa amechuchumaa karibu naye akiokota vipande vinavyodondoka. Tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika. Jioni stuli ilikuwa imetulia kabisa, ila mtu mzima akiikalia, magoti yanamfika kidevuni.

"Hii ni ya Chiriku," nilisema.

"Cheka tu, mama," mkwe akanijibu. "Hata kichwa cha kwanza nilichonyoa kilitoka na ngazi."

Tukacheka sote. Nisieleweke vibaya, nampenda mtu yule. Ananiamkia kila asubuhi kabla hajafungua saluni yake, ambayo ni chumba cha mbele cha nyumba hii hii, na hajawahi kunipandishia sauti. Binti yangu, anayeuza kwenye duka la dawa, husema amepata mume na nusu. Lakini ustaarabu wa mtu haunyooshi ubao.

Baada ya stuli akaja na rafu ya vyombo, nayo ikasimama. Ndipo kichwa kikavimba. Fundi cherehani wa jirani alipita, akaiona, akasema, "Kinyozi hajinyoi, lakini huyu wenu anajijengea!" Mkwe alicheka, na nikaona macho yake yanavyong'aa. Usiku ule ule alimwahidi mkewe kabati.

Binti yangu alikuwa amelitaka kabati miaka mingi, maana nguo zao ziliishi ndani ya masanduku. Mumewe akapima ukuta wa chumba chao, akapima tena, akaandika vipimo kwa penseli juu ya ubao wenyewe. Kisha akahamishia kazi chumbani kwangu, ninakolala na Chiriku, kwa sababu kina dirisha kubwa na vitu vichache. Kwa wiki kadhaa tulilala na harufu ya gundi. Nikikohoa nilitema vumbi la mbao. Lakini nitasema haki yake: lilikuwa zuri. Milango miwili, droo kubwa mbili chini, kingo zimepigwa msasa mpaka unaona haya kuzigusa na mkono wenye maji.

Siku ya kulihamisha tukalisukuma mpaka mlangoni, likagota. Tukaligeuza ubavu, likagota. Tukalilaza, tukalisimamisha, tukaondoa mlango wa chumba kwenye bawaba zake. Alikuwa amepima ukuta, hakupima mlango.

Binti yangu aliketi kitandani kwangu akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mumewe hakucheka.

"Basi si ulifungue, ulipitishe vipande vipande?" mkewe aliuliza.

"Nimetia gundi kila kiungo. Gundi hii ikikauka haing'oki. Labda livunjwe."

"Si ulivunje?"

Alimtazama kama aliyeambiwa amvunje mtoto. Kabati likabaki kwangu, limeegemea ukuta unaotazamana na kitanda, likajazwa nguo zao, na masanduku matupu yakapangwa juu yake.

Sasa, sakafu ya chumba kile imeinama. Aliyeijenga aliitega ielekee mlangoni ili maji ya kudekia yatoke yenyewe. Mtu akitembea hasikii, lakini kabati lilisikia. Mchana mmoja nimejilaza, nyumba iko kimya, hakuna hata upepo, mlango mmoja wa kabati ukafunguka polepole, ukasimama wazi, nguo za binti yangu zikanitazama. Nikainuka nikaufunga. Sijafika kitandani, ukafunguka tena. Nikatoka nikakaa uani. Si kwamba naamini mambo ya mashetani. Niliogopa kwa sababu nilijua ni uzito, na uzito haukemewi ukaondoka.

Nikamwambia mkwe, kwa adabu zote, "Baba Chiriku, naona kabati linainamia mbele."

Alilichunguza. Akajaribu kulifunga ukutani kwa chuma na skrubu, lakini ukuta wetu ni mchanga mtupu. Skrubu iliingia kama kwenye uji, ikatoka na bonge zima la lipu. Akaziba tundu kwa kalenda. Kisha akachonga kabari kwa mabaki ya mbao, akazisukumiza chini ya ukingo wa mbele, mbili upande huu na mbili upande ule, mpaka kabati likarudi kuegemea ukuta.

"Kabari tu ndizo zinazolishika?" niliuliza.

"Kabari zimeshika nyumba za watu, mama."

"Chumba hiki analala mtoto. Siku hizi anapanda kila kitu."

Akaniinulia mikono yake miwili, miembamba na safi, akitabasamu. "Mikono hii inashika wembe kwenye koo za watu kila siku. Umewahi kusikia nimemkata mtu?"

Ni kweli hajawahi. Nikamweleza binti yangu jikoni, naye akasema, "Mama, una wasiwasi wa kizee. Yeye mwenyewe anampenda mtoto kuliko sote." Kana kwamba nilisema hampendi!

Basi nikawa mlinzi. Kila asubuhi kabla ya chai nilitazama kabari. Siku nyingine niliikuta moja imejitokeza kidogo, nikairudisha kwa kisigino. Chiriku alinitazama.

"Bibi, unafanya nini?"

"Nafunga mlango wa jini," nilimwambia, ili aogope. Hakuogopa. Mtoto aliyelelewa na bibi mwenye maneno mengi haogopi maneno.

Kwa upande wake alikuwa na kazi zake. Baba yake alimruhusu kuokota kila kipande kinachobaki kwenye kazi, na alimpa kichupa kidogo cha gundi na kumfundisha: paka, bandika, bana, subiri. Alijua kusubiri kwa gundi tu. Alitengeneza meza za sisimizi na viti visivyokalika. Vipande vilipozidi kutuchoma miguu, mkwe akavitia kwenye boksi, akaliweka juu ya kabati, nyuma ya masanduku. Hapo nilimwambia waziwazi kwamba anamwekea mtoto chambo. Akasema atalihamisha. Alikuwa na mteja.

Ilikuwa mchana, binti yangu yuko kazini. Mimi nilikuwa uani naanua nguo, na kutoka chumba cha mbele nilisikia mashine ya kunyolea na redio. Chiriku akaja amekumbatia kitu.

"Bibi, tazama! Kitanda cha mwanasesere wangu."

Kilikuwa kitanda hasa. Ubao bapa, na miguu minne minene inayopungua kuelekea chini, imebandikwa sawasawa. Alikiweka juu ya jiwe la kufulia, akakibonyeza kwa kidole. "Hakiyumbi. Stuli ya baba iliyumba."

"Hongera, fundi wangu. Miguu mizuri hii umeipata wapi?"

"Chini ya kabati. Nilizitoa asubuhi ulipokuwa unakunywa chai, zimeshakauka. Sasa nataka mbao ya mto, iko kwenye boksi." Akageuka akakimbia ndani.

Nilitupa nguo chini. Miguu yangu si ya kukimbia, lakini ilikimbia. Nikiwa ukumbini nilisikia droo ya chini inavutwa, sauti niliyoijua vizuri, kisha ya juu. Nilipoingia, Chiriku alikuwa amesimama juu ya droo ya pili, mkono mmoja umeshika ukingo wa juu, mwingine unapapasa masanduku. Milango yote miwili ilikuwa wazi. Na kalenda ukutani, ambayo siku zote ilifichwa nusu na kabati, niliiona nzima, maana kabati lilikuwa limeanza kuja mbele.

Sikupiga kelele. Niliingia chini ya mtoto, nikaliwekea kabati bega na viganja, nikahisi mti wote ule unaniegemea taratibu kama mgonjwa.

"Shuka, mama yangu. Shuka polepole."

"Nimeiona mbao, bibi."

"Shuka!"

Akashuka kwa kunikanyaga bega, akapita chini ya kwapa langu akatoka salama. Namshukuru Mungu kwa hilo kila nikiamka. Lakini mimi nilikuwa nimenaswa. Nikiachia linaniangukia, nikikaa nguvu zinaniisha. Masanduku yaliteleza moja moja yakapita kichwani mwangu.

"Kamwite baba. Mwambie bibi anamwita."

Alikimbia. Nikamsikia akisema, kwa sauti yake ya kawaida kabisa, "Baba, bibi anakuita." Na nikamsikia baba yake: "Mwambie nakuja, namalizia upande huu." Nikaita, lakini pumzi iliyobaki haikushinda ile redio. Mashine ikaendelea kunguruma. Ilinyamaza, nikasema hewala, kisha ikanguruma tena. Alikuwa anasawazisha. Hawezi kumwacha mteja na upande mmoja, ndivyo alivyo. Nilimlaani pale, kwa jina lake na la ukoo wake, na sioni aibu kuandika hivyo.

Alipoingia, uso ulimbadilika. Akalishika kabati upande wa kulia, uzito ukapungua.

"Shikilia hapo hapo," nikasema. "Nachomoka mimi kwanza, halafu ruka, liache lianguke. Mtoto hayuko chini."

"Lisianguke, mama."

"Liache!"

"Likianguka litapasuka lote. Ngoja kidogo tu." Akanyoosha mguu akaivuta ile stuli yake iliyokuwa kando ya kitanda, akaisukuma kwangu tuliegemezee kabati. Haikufika. Ingekuwa na urefu wake wa siku ya kwanza ingefika, nami nilimwona akilitambua hilo. Akatazama chini. "Kabari ziko wapi? Nani katoa kabari?"

Chiriku alikuwa mlangoni na kitanda chake mkononi. "Hizi hapa, baba. Nimezigundisha."

Baba yake akapiga goti. Akaokota kipande cha ubao kilichomwagika kutoka kwenye boksi. "Mama, lisukume nyuma kidogo, kidogo tu, nikitie hiki."

"Mkono wako, baba Chiriku."

"Kidogo tu, mama."

Nilisukuma. Ukingo wa mbele ukainuka, akaingiza kipande, akakipapasa kukinyoosha, maana hakikukaa sawa na yeye hawezi kuacha kitu hakijakaa sawa. Hapo mikono yangu ikakataa. Sikuliachia, ilikataa tu, nami nikatupwa kando. Kabati likageukia kwenye ukingo wake wa mbele, likaja chini, kichwa chake kikagota kwenye chuma cha kitanda na kubaki hapo, limeinama, bila kupasuka popote. Uzito wake wote ulikuwa juu ya vidole vya mkono wa kulia wa mkwe wangu.

Fundi cherehani na yule mteja, kitambaa bado shingoni, ndio waliolivunja kwa shoka ili kumtoa. Viungo havikuachia hata kimoja, ikabidi mbao zenyewe zikatwe. Zilipita mlangoni bila taabu.

Hospitali walimwachia kidole gumba na kidole cha mwisho. Chumba cha mbele kimefungwa. Wateja hupita wakauliza, binti yangu huwaambia bado, na wao wenyewe wanajua.

Jana alikuwa ameketi uani juu ya stuli yake, magoti kidevuni, mkono uliofungwa umelala pajani. Wenzangu watakumbuka msemo wa asiyesikia la mkuu. Sikuusema, na anayetaka kuusema asije kwangu. Chiriku alimjia na kitanda cha mwanasesere, akakiweka gotini pake, akakibonyeza kwa kidole.

"Baba, tazama. Hakiyumbi."

Baba yake alijaribu kung'oa mguu mmoja kwa mkono wa kushoto. Haukung'oka. Akamrudishia mtoto na kumwambia, "Umefanya vizuri, fundi." Kisha akalia mbele ya mama mkwe wake, kwa sauti, jambo ambalo mwanamume hafanyi. Adabu ilinitaka niondoke. Nilivuta beseni, nikakaa karibu naye.