Masika Asiyesema Jina

Thérèse hakuwa ameketi tangu afike Sake. Volkano ilipomwagikia Goma, alikimbia kutoka mtaa wake wa Murara na umati wa watu, na katika msukumano ule mkono wa binti yake wa miaka mitano ukamponyoka. Sasa alikuwa akikizunguka kibanda cha Donat, aliyechaji simu za watu kwa malipo, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Donat alikuwa na jenereta la kelele na simu iliyojaa vikundi vya Watsapu. Kila aliyepotelewa na mtu alimwendea, naye akatangaza bila kumdai chochote. Picha za mtoto zilikuwa zimebaki ndani ya nyumba iliyofunikwa na lava, kwa hiyo tangazo la Thérèse lilikuwa fupi, na kwa haraka hata umri ulisahauliwa: anatafutwa mtoto wa kike, jina lake Masika.

Majibu yakamiminika, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Wanande, kabila la Thérèse, humwita binti wa kwanza Masika, na Wanande wa Goma si haba. Masika mmoja alipatikana kanisani. Thérèse akapanda pikipiki mbio, akakuta msichana mkubwa mwenye kifua. Mwingine alikuwa shuleni, bado ananyonya kidole. Wa tatu alimrukia shingoni, maskini, akidhani yeyote anayelitaja jina lake ni wa kwao. Huyo alimmaliza Thérèse kabisa, naye akarudi kibandani akiwa amefura.

"Donat, juu ya nini unanituma kwa batoto ya bengine?"

"Mama Masika, batoto bote banasema jina yabo ni Masika. Mimi nifanye nini?"

"Banasema," alirudia Thérèse, na kwa mara ya kwanza akaketi. "Wa kwangu hawezi kusema."

Mumewe, Wenceslas, alikuwa akichuuza maharage. Waasi wanaosema Kinyarwanda walimsimamisha kwenye kizuizi cha barabarani, njia ya Rutshuru, wakamuuliza jina. Akalitaja lote, na jina la kikwao likawaambia kabila lake. Hakurudi nyumbani. Tangu hapo Thérèse alimfunza binti yake: mtu usiyemjua akikuuliza jina, funga kinywa. Walifanya mazoezi jikoni. Mama alijifanya mgeni, akauliza kwa upole, akauliza kwa ukali, na mtoto aliponyamaza akapewa biskuti. Alikuwa mwanafunzi hodari, Masika huyo.

"Tafuta mutoto mwenye hasemi jina," alisema Thérèse. "Fanya haraka!"

Donat akapekua simu. Ujumbe ulikuwamo tangu siku ya kwanza, na watu wote walikuwa wameupita: "Niko na mutoto mwanamuke hapa Lac Vert. Anakula, lakini hasemi jina. Mimi ninamuita Munezero, ni kusema furaha." Aliyeutuma alikuwa Pascasie Tuyisenge, muuza maziwa kutoka Masisi.

Lac Vert, kwenye barabara ya kurudi Goma! Thérèse alikuwa amepita hapo kwa pikipiki, akiwakimbilia akina Masika wa wenzake. Kisha akalisoma tena jina la yule mama, jina la Kinyarwanda, na hofu ya zamani ikamshika. Aliona aibu. Mwanamke huyu alikuwa akimlisha mwanawe, na yeye alikuwa akimpima kwa jina, kama wale wa kizuizini.

Akaibonyeza simu, akarekodi sauti yake. "Masika, ni mama. Huyo mama ni mutu yetu. Leo unaweza kusema jina."

Jibu lilichelewa hata akataka kumpiga Donat. Lilipofika, walisikika mbuzi, halafu sauti ya mwanamke ikibembeleza. Kisha sauti ndogo: "Masika."

Thérèse alilia kwa sauti, bila kujali waliokuwa wakingoja chaji. Alikuwa ameshapandisha mguu kwenye pikipiki Donat alipomfuata mbio na simu. Kulikuwa na ujumbe mwingine. Mtoto alikuwa akinong'ona.

"Mama, na jina ya papa niseme?"

Thérèse aliishika simu kwa mikono miwili.

"Sema, mutoto yangu," alisema. "Ya papa sema kwa nguvu."