Aliyeagwa Haonekani Mjini

Yudith hakuwahi kuitamani theluji. Baridi ya Juni hapa Dodoma, ile inayokuja na upepo na kupasua midomo, ilimtosha kabisa. Alichokitamani ni kitu kimoja, na alikitamani kwa miaka bila kukitamka: wiki nzima ya mume wake bila simu.

Gaudence alikuwa Mkurugenzi Msaidizi katika wizara moja pale Mtumba, na simu yake ndiyo iliyokuwa mke mkubwa. Ikilia, anasimama. Krismasi iliyopita aliliacha paja la kuku kwenye sahani likiwa bado linafuka mvuke. Siku Erick, mtoto wao wa kwanza, alipopata kipaimara, baba yake alikuwa nyuma ya kanisa akimwelekeza mtu faili lilipo. Kwenye picha zote, pembeni ya Erick kuna nafasi tupu inayomtosha mtu mnene.

Basi Gaudence aliporudi kutoka semina ya Ulaya na kutangaza mezani kwamba likizo ya Juni familia itakwenda kuteleza kwenye theluji, Yudith alimeza tonge na kusema ni wazo zuri. Hakuwa mjinga. Neno likizo lilikuwa limetoka kinywani mwa mwenyewe.

Huko semina, Gaudence alikuwa ameona kwenye televisheni ya hoteli baba, mama na watoto wawili, wamejifunga mbao miguuni, wanashuka mlima huku wanacheka. Watoto wawili, kama wa kwake. Juni ni kiangazi Ulaya, lakini alikwisha kuchunguza: milima ya Lesotho, hapa hapa Afrika, hupata theluji mwezi huo. Alisema msimu ndiyo kwanza unafunguliwa, kwa sauti ya mtu anayezungumzia barabara ya lami.

Kaka yake Yudith, Bartolomayo, mfugaji wa Kongwa, alipiga simu kuuliza theluji ya Kilimanjaro ilikuwa imemkosea nini shemeji yake. Gaudence alimjibu kwa upole wa mwenye cheo kwamba ile ni ya kutazama, si ya kuteleza.

Mipango ikaanza, na kwa kuwa katika nchi hii mtoto hamalizi hata darasa la saba bila kamati, kamati ikaundwa. Mwenyekiti alikuwa Cornel, jirani yao na kiongozi wa jumuiya, ambaye theluji aliijua kupitia friji lake tu. Vikao vilifanyika sebuleni kwa Yudith, kwa soda na sambusa za Yudith. Kundi la WhatsApp likafunguliwa. Mjadala wa sare ukachukua vikao kadhaa, ukaishia kwenye kitenge cha bluu na nyeupe, ingawa Yudith aliuliza kwa sauti ndogo kama kitenge kitaonekana chini ya makoti. Hakuna aliyemsikia. Makoti yenyewe yalitoka kwa wauza mitumba wa Sabasaba, yale manene ya kung'aa yenye zipu kila mahali, ambayo madereva wa bodaboda wa Dodoma huyavaa asubuhi za baridi. Siku familia ya Mkurugenzi Msaidizi ilipoyajaribu barazani, mpita njia mmoja alisimama getini na kumuuliza Gaudence kama anaweza kumpeleka stendi.

Kilichokosekana ni theluji yenyewe.

Hoteli ya Lesotho ilikuwa na kamera iliyoelekezwa mlimani, na kila asubuhi Gaudence aliitazama kwenye simu kabla hata ya sala. Ilionyesha majani makavu, viti vinavyoning'inia kwenye nyaya bila mtu, na kondoo.

"Baba," alisema Frida, binti yao wa darasa la tatu, akichungulia chini ya kwapa lake, "mbona ni pakavu kama Bahi?"

Gaudence alisema kamera ni ya zamani. Kisha akaiandikia hoteli barua ya kiofisi, yenye kichwa cha habari na mstari chini yake, kuomba uthibitisho wa uwepo wa theluji ili kuwezesha utekelezaji wa safari. Hoteli ilijibu kwa adabu kwamba theluji hutoka kwa Mungu, lakini wao wana mashine inayoweza kumwaga kidogo kwenye ukanda mmoja. Gaudence alichukia kama aliyetukanwa. Korido nzima ya ofisi ilikwisha kusimuliwa theluji halisi. Hawezi, alisema, kusafirisha familia ikaangalie kazi ya mashine.

Hapo Yudith akaingiwa na wasiwasi. Aliijua hatua inayofuata kama anavyojua njia ya kwenda bombani. Mume angesema tusogeze likizo, angerudi ofisini "kwa siku chache", na ofisi ingeimeza wiki ile kama ilivyozimeza nyingine zote. Basi yeye ambaye hakuwa na kawaida ya uongo akaanza kusema amesoma mahali kwamba mawingu yanakusanyika upande wa Lesotho. Halafu akafanya jambo la hatari zaidi. Alimwendea Cornel na kumwomba kamati iwaage mapema.

Kwa maana Yudith aliwajua watu wa mji wake. Safari inaweza kuahirishwa. Mtu aliyekwisha kuagwa haahirishwi.

Sherehe ilifana. Keki ilikuwa mlima mweupe, na ndiyo theluji pekee iliyopatikana katika habari hii yote. Gaudence na familia yake waliviringishwa vitenge na kupewa mablanketi. Cornel aliomba Mungu afungue ghala za theluji, na bibi mmoja nyuma akaongeza kwa sauti ya kusikika kwamba kama ghala zitafunguliwa, na hapa kwetu tukumbukwe kwa mvua mwaka huu. Bosi wake Gaudence, Mkurugenzi Hamidu, alituma salamu za udhuru: siku hiyo hiyo alikuwa anaruka kwenda mafunzo Geneva. Salamu zilipigiwa makofi.

Jioni ya kuamkia safari, ujumbe wa hoteli ukaingia. Joto limezidi, hata mashine imeshindwa, mlima umefungwa hadi watakapotoa taarifa. Gaudence alikaa juu ya sanduku, koti la mtumba likiwa magotini. Kusema kweli alitia huruma. Kisha akainuka, akasema tiketi zinakubali kusogezwa, na kwamba Jumatatu ataonana na katibu wake amalizie mambo madogo.

"Kwa uso gani?" Yudith aliuliza.

"Uso gani tena?"

"Umeagwa, baba Erick. Umekula keki. Umeviringishwa kitenge mbele ya padri. Jumatatu utaingia pale Mtumba useme umetoka wapi?"

Gaudence aliwaza ofisi, akawaza duka la kona, akawaza kanisa. Mji mzima ukawa umefungwa kama ule mlima.

"Tutakwenda wapi?" aliuliza mwishowe, kama mtoto.

"Kongwa," alisema Yudith. "Kwa kaka."

Waliondoka alfajiri. Kwa bahati mbaya barabara ya Kongwa inapita Mtumba, na walipoyakaribia majengo ya serikali, Mkurugenzi Msaidizi alimwachia mkewe usukani, akajilaza kiti cha nyuma na kufunikwa blanketi la kamati. Frida alikaa juu ya miguu yake.

Bartolomayo aliwapokea kwa furaha ya Mgogo aliyeletewa Mhehe akiwa amefungwa mikono. "Karibu, mtani wangu," alisema. "Theluji hatuna, ila mbwa tumewaficha, tunajua Wahehe mnavyowala." Gaudence, ambaye kwa kawaida utani huo angeulipa papo hapo, aliuliza tu kama kuna mtu wa wizara anayeishi jirani.

Simu ilizimwa, kwani aliyeko Lesotho hapokei simu ya Dodoma. Siku za mwanzo alipapasa mfuko wake kama mtu aliyeng'olewa jino na ulimi haujakubali. Mama mkwe wake, Anyesi, alikata njia kila alipomwona, kama mila inavyotaka, naye Gaudence akakata yake. Na kwa kuwa kujificha ndiyo kazi aliyokuja kuifanya, mkwe yule alisifiwa kijijini kwa heshima. Kisha taratibu akaanza kuamka na Erick kwenda zizini, wote wawili ndani ya makoti ya kung'aa. Siku moja Yudith alimsikia akicheka. Alisimama na sufuria mkononi mpaka kicheko kikaisha.

Ndipo ikafika siku ya mnada. Bartolomayo alihitaji watu wa kuswaga mbuzi, na Gaudence akakubali, kofia ya koti ikiwa imevutwa hadi kwenye nyusi. Walikuwa katikati ya vumbi alipogongana na mzee mmoja aliyejifunga skafu hadi puani, ameshika mguu wa nyuma wa beberu. Skafu ikashuka. Alikuwa Mkurugenzi Hamidu.

Yudith alikuwa hatua chache nyuma yao. Wiki yake ndiyo hiyo inakwenda.

"Shikamoo, Mkurugenzi," alisema Gaudence.

"Marahaba."

Beberu akalia.

"Habari za Geneva?"

"Nzuri. Baridi kidogo. Na huko Lesotho?"

"Theluji imechelewa."

"Siku hizi inachelewa," alisema Hamidu, akitikisa kichwa kwa masikitiko ya kitaalamu. Kisha uso wake ukabadilika, ukawa wa ofisini. "Kuna ile taarifa ya robo mwaka, Gaudence." Mkono ukaingia mfukoni kutafuta simu. Ukabaki humo. Yudith alimwona mzee yule akipiga hesabu: ampigie nani, na aseme yuko wapi, na amemwona wapi huyu. Mkono ukatoka mtupu.

"Tutaongea," alisema Hamidu, "tukirudi nchini."

Akavuta skafu, akavuta beberu, akapotea katikati ya ng'ombe.

Yudith aliwapeleka watu wake kwenye mabanda ya nyama choma. Sinia lilipofika, Gaudence akaanza kutikisika mabega kwa kicheko, na Erick akaanza, na Frida akacheka kwa kuwa wengine wanacheka. Meza ya jirani simu ya mtu ikalia, mlio ule ule wa simu ya Gaudence. Gaudence aliinuka nusu. Alimwangalia mkewe. Akakaa, akasogeza chumvi karibu, akaokota paja.