Kipimo cha Pili cha Lea

Anastazia alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Mabawa, anajulikana kwa sare za shule, na kwa miezi sita hakuwa amekaa kitako nusu saa nzima. Akimaliza mshono mmoja huinuka, akaenda chumbani kumtazama Noa, akarudi, akashona mwingine.

Noa alikuwa na miaka minane. Alizaliwa na kidole gumba cha kushoto kilicholegea, akakua polepole, na tangu mwaka jana damu ikimtoka puani ilikuwa haikomi mpaka akimbizwe hospitali kuongezewa. Baada ya safari nyingi za vipimo ugonjwa ukapata jina, Fanconi. Ni wa kurithi, nao huuchosha uboho ulio ndani ya mifupa, mahali damu inapotengenezwa, mpaka ushindwe kazi.

"Kumwongezea damu tutaendelea," Dokta Najat aliwaambia Anastazia na mumewe Kristofa. "Lakini hiyo ni kununua muda. Anahitaji kupandikizwa seli za uboho wa mtu anayefanana naye. Huwa tunaanza na ndugu wa baba mmoja mama mmoja. Anaye?"

Aliyejibu ni Anastazia.

"Anaye. Yuko Pangani."

Lea alikuwa kifungua mimba wao. Alipofika miaka mitatu walimpa dada yake Kristofa, Eufemia, ambaye hakujaliwa mtoto, akamlee ng'ambo ya mto Pangani, kijijini Bweni. Hapakuwa na ugomvi wala siri. Miaka kumi na minne ikapita kwa kutembeleana sikukuu. Lea alimwita Eufemia mama. Naye Anastazia, Lea alimwita Mama wa Mabawa.

Jumamosi asubuhi Anastazia alivuka kwa pantoni, amesimama muda wote ingawa nafasi za kukaa zilikuwapo. Maneno ya kuomba alikuwa ameyapanga vizuri, lakini alipokaribishwa ndani yote yakampotea, akabaki kusema tu kilichompata Noa na kilichomleta. Eufemia alisikiliza huku akikuna nazi. Aliyeuliza ni Lea.

"Wanatoa wapi huo uboho?"

"Kwenye mfupa wa nyonga, ukiwa umelazwa usingizi. Mwili unaurudisha wenyewe."

"Basi nitatoa. Noa ni mdogo wangu."

Eufemia akaacha kukuna. "Nenda naye, wifi. Ila lolote mtakaloambiwa huko, na mimi nilijue."

Lea akaja Mabawa, akatolewa damu. Baada ya wiki mbili majibu yakarudi: amefanana na Noa kabisa. Kristofa alikaa kwenye benchi la hospitali akafuta macho kwa kofia yake. Anastazia alitaka kujua safari ya kwenda kupandikizwa nje ya nchi ni lini.

"Kuna kipimo cha pili," alisema Dokta Najat. "Ugonjwa huu unaweza kulala kimya ndani ya mtu unayemwona mzima. Lazima tuhakikishe Lea hana. Sampuli inakwenda nje ya nchi, wiki tatu au nne."

Siku zile kukaa hakukukalika. Anastazia alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa, akafumua mishono aliyoishona jana yake. Siku ya saba, ili mikono ipate kazi, akamwambia Lea asimame ampime gauni. Lea akavua blauzi, akageuka, na pale kiunoni, chini ya futi ya kupimia, Anastazia akaona baka la rangi ya chai ya maziwa, kubwa kama kiganja cha mtoto. Noa alikuwa na mawili kama hilo. Dokta aliyaonyesha kwa ncha ya kalamu siku ya kwanza, akasema ni dalili ya ugonjwa.

"Vipi, nimenenepa?" Lea aliuliza.

"Hapana. Simama wima."

Aliandika vipimo akakosea, akaandika tena. Hakumwambia Kristofa. Hakumpigia Dokta Najat, ingawa namba alikuwa nayo. Alijiambia kwamba watu wangapi wana mabaka na ni wazima. Lakini moyoni alijua anachokinyamazia. Lea akiwa na ugonjwa huo, Noa hana mtu wa kumtolea. Alikuwa na watoto wawili, na alikuwa amekwisha kuchagua wa kumtakia heri kwanza. Wazo hilo ndilo lililomwinua kila alipoketi.

Siku ya ishirini na tatu wakaitwa hospitali, Anastazia, Kristofa na Lea.

Lea alikuwa na ugonjwa huo. Ulikuwa umelala, damu yake imepungua kidogo tu, na huenda ikachukua miaka mingi kabla haujamsumbua. Atapimwa kila miezi mitatu. Ila hawezi kumtolea mdogo wake, maana uboho wake una kasoro ileile.

"Kwa Noa kuna njia nyingine," Dokta Najat aliendelea. "Mzazi, anayefanana naye nusu. Ni ngumu zaidi, lakini inafanyika. Tutaanza na baba."

Lea aliuliza kama mtihani wa kidato cha nne ataufanya. Akaambiwa ataufanya. Kisha akasema, "Nani atamwambia mama?"

"Mimi," alisema Anastazia.

Anastazia na Lea walivuka kesho yake. Eufemia alizitazama nyuso zao, akaepua chungu jikoni kabla hajaambiwa neno. Anastazia akamweleza yote, na la baka asilifiche.

"Nililiona, wifi. Siku kumi na sita nimenyamaza. Nilitaka Noa apone."

"Lilimtokea akiwa darasa la pili," alisema Eufemia. "Mimi nililisugua kwa sabuni, nikadhani uchafu. Ningejuaje?" Akauvuta mkono wa Lea akauweka mapajani mwake. "Kunyamaza umenikosea. Haya, hizo tarehe za kupima nipe."

"Nenda na Noa huko nje," Lea alimwambia Anastazia. "Mimi mama atanipeleka kupimwa."

Kristofa alipimwa, akafaa. Walikaa nje ya nchi miezi mitano. Noa alipata homa, ngozi ikambabuka, wiki nzima hakumeza kitu, na siku ya kumi na tisa baada ya kupandikizwa seli za baba yake zikaanza kuonekana katika damu yake. Alirudi Mabawa amekonda, kavaa barakoa, anauliza nani amechukua mpira wake.

Wiki ileile Eufemia akapiga simu.

"Wifi, namba za damu ya Lea zimeshuka tena. Dokta anasema si za kutisha, lakini tuanze kumtafutia mtu wa kumtolea uboho mapema, kabla ya haja."

Anastazia alikuwa amekwisha kusimama, anatafuta viatu kwa mguu chini ya cherehani.

"Mwambie aanze kunipima mimi," alisema. "Nakwenda hospitali sasa hivi."