Nati ya Mfupa

Kuna wanaume wanaoumwa na maneno ya wake zao. Mzee Kibii wa Kariandusi aliumwa kwa kuyakosa. Tangu masikio ya mkewe Chelimo yaanze kuziba taratibu, mpaka yakafunga kabisa, hakuna tena aliyemwambia kwamba anapiga gitaa vibaya. Na enzi zile bendi yao ikipiga kwenye harusi, kutoka Gilgil hadi Molo, mama huyo ndiye aliyekuwa hakimu. Ukikosea kidogo tu, anakutazama kama mtu aliyeuma jiwe kwenye githeri. Sasa Kibii angeweza kupiga upuuzi mchana kutwa, na Chelimo angeendelea kuchambua maharagwe bila habari. Jamani, uhuru gani huo?

Jirani yao Wariara alikuja kumpa pole. "Utafanyaje, mzee," akasema, "sikio la kufa halisikii dawa." Lo! Kibii alimpokonya kikombe cha chai kikiwa nusu.

Halafu asubuhi moja alichomeka gitaa lake kuukuu la besi kwenye spika, akaiweka spika juu ya sakafu ya mbao, akaugusa uzi mnene kuliko wote. Chelimo, miguu mitupu, akainua kichwa.

"Baba Zeddy, kwani kuna posho mill imefunguliwa hapa karibu?"

Mzee nusura aruke. Amesikia! Kwa nyayo, lakini si amesikia? Tatizo ni kwamba alisikia posho mill, na hangelaumiwa. Gitaa lenyewe lilikuwa limechoka. Nyuzi zililegea kabla wimbo haujafika kiitikio, na kila ukiligusa linakwaruza. Kibii alitaka jambo moja tu hapa duniani, mkewe asikie muziki, si mahindi yakisagwa. Akalifunga gitaa kwa shuka, akaenda Nakuru.

Huko Bondeni alimwendea Yaseen, fundi wa cherehani na vitasa, mtu ambaye hajatamka "sijui" tangu azaliwe.

"Hizi funguo za kukaza nyuzi zimeisha meno," Kibii alimweleza. "Daraja hapa chini limeshika kutu. Na nati, fundi, nati imelika. Hiyo ndiyo inaniharibia sauti. Anza na nati!"

"Nati, mzee wangu?" Yaseen akacheka. "Hapo umefika. Kuja Alhamisi."

Alhamisi gitaa lilikuwa linang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Funguo zilizunguka laini, maana Yaseen alikuwa amezichongea meno mapya ya shaba. Daraja halikuwa na hata chembe ya kutu. Na kila palipokuwa na skrubu, na hata pale ambapo hapakuwa na chochote, palikuwa na nati mpya, imekazwa kwa spana. Kibii akaugonga uzi. Krrrr! Posho mill ileile.

"Fundi, si nilikwambia nati!"

"Na hizi ni ndizi?"

"Nati ni hii!" Kibii akagonga kile kipande chembamba kilicho juu ya shingo ya gitaa, ambacho nyuzi zote hupitia. Nyuzi zilikuwa zimekila miaka na miaka mpaka vijifereji vyake vimekuwa mitaro.

Yaseen akavaa miwani, akainama, akanusa hata. "Mzee, huu ni mfupa."

"Ndiyo. Ni mfupa. Unaitwa nati."

"Nani aliuita nati?"

"Wenye magitaa!"

"Sasa hao wenye magitaa wakitaka nati, wanaitisha nini? Mbavu?"

Wakapandishiana sauti mpaka Kuluthum, mke wa Yaseen, akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Watu wazima wawili mnapigania mfupa! Majirani watasema nini?"

Nyuma yake harufu ya supu ilitoka mlangoni. Yaseen akaivuta puani, akatulia. "Kuluthum," akaanza, kwa ile sauti ya upole ambayo mke yeyote huiogopa.

"Usithubutu. Hiyo ni supu ya wageni wangu kutoka Naivasha."

Kibii aliona aibu haina faida tena. "Mama, mke wangu hasikii," akasema. "Amebakiza nyayo tu na viganja. Nataka asikie hii gitaa kabla vidole vyangu navyo havijakataa. Nimekosa sana maneno yake, mama. Nyumba imenyamaza."

Kuluthum alirudi jikoni, akakoroga, akatoka na mfupa wa muundi uliokuwa mnene kuliko yote. "Hiyo nyama iliyobaki muimalize, sitaki mbwa kwangu," akasema, akageuka haraka kufuta macho na ncha ya leso.

Waliuosha kwa sabuni, wakauanika juani, kisha Yaseen akaukata kwa msumeno wa chuma na kuupiga tupa. Kibii alisimama juu yake akipima kwa nyuzi zenyewe. Uzi ukikaa juu sana, vidole vinateseka, na ukizama sana, unakwaruza. Kipande cha kwanza walikivunja wakibishana. Cha pili kikaingia, kikatulia. Kibii akaugonga uzi mnene, na vikombe vya Kuluthum vikaitikia kabatini.

Alipofika nyumbani hakusubiri hata chai. Alimketisha Chelimo, akamvua malapa, akakishika kiganja chake na kukiweka juu ya ubao wa gitaa. Akapiga wimbo wao wa harusi, ule alioutunga mwenyewe. Chelimo akafumba macho. Uso wake haukusema kitu. Kibii alipiga akiogopa kumtazama, akiogopa kutomtazama, mpaka wimbo ukaisha.

"Umemaliza?" Chelimo akauliza.

Kibii akatikisa kichwa kukubali.

"Ukiingia kwa kiitikio unachelewa. Ulichelewa hivyo hivyo siku ya harusi yetu, nikakusamehe kwa sababu ya wageni. Leo hakuna wageni hapa. Rudia."

Machozi yakamtiririka mzee mpaka kidevuni, na wala hakuyafuta. Akarudia wimbo wote tangu mwanzo. Alipofika kwenye kiitikio akachelewa tena, safari hii makusudi, na mke wake akamgombeza vizuri sana.