Nguruwe Aliyeitwa kwa Sura Isiyo Yake

Venjamin alizaliwa Sillamäe, mji wa Estonia ambako Kirusi kilimtosha mpaka alipokuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alipomwoa Merike wakahamia kijijini kwao, ndani ya misitu ya Virumaa. Huko baba mkwe wake, mzee Heldur, ndiye aliyeongoza kundi la wawindaji, na sharti lake lilikuwa moja: kwenye redio za mkononi za mawindoni ni Kiestonia tu. Asiyekiweza abaki nyumbani amenye viazi.

Basi Merike akawa anamfundisha mezani. Katika Kiestonia jina la kitu halikai na sura moja, alimwambia. Ukiumaliza mkate wote umekula leiva, hiyo ni sura ya pili. Ukiumega tu umekula leiba, sura ya tatu. Sura nyingine zipo tele, lakini kwanza azishike hizo. Venjamin alizikariri akiwa kazini, hata wenzake wakamtania kuwa amekuwa mtu wa sala.

Asubuhi moja ya Novemba walimzingira nguruwe mwitu kwenye matete ya kando ya mto. Dume akamtokea Venjamin karibu kabisa. Akafyatua. Mnyama akapiga magoti, akainuka, akajitosa tena kwenye matete na kuacha damu juu ya theluji.

Redio ikakoroma. Heldur alitaka kujua kumetokea nini.

Venjamin alitaka kusema kwamba amempiga nguruwe lakini hajamwangusha. Hapo sura ya tatu ndiyo ilifaa: siga. Lakini siga ndiyo pia sura ya kwanza, jina tupu kama watoto wanavyolitaja, ambayo Merike alikuwa akimgombeza kila anapoing'ang'ania. Akaona haya. Akachagua sura ya pili, iliyosikika ya kiutu uzima.

"Lasin sea," akasema.

Yaani, nguruwe nimemmaliza. Heldur akatundika bunduki begani, akaingia kwenye matete na mbwa wake kuutafuta mzoga.

Mbwa alibweka, kisha akalia kilio kimoja, akanyamaza. Ndipo Venjamin akasikia sauti ya mkwewe, akakimbia. Alimkuta Heldur chali kwenye barafu, dume juu yake akimpasua paja, akirudi nyuma na kuingia tena, meno yakitoka na nyama na vipande vya suruali. Kupiga risasi kusingewezekana bila kumpata mzee. Venjamin akamrukia mnyama mgongoni na kisu. Pigo la kwanza liligonga mfupa. La pili likazama shingoni, naye akaendelea kuchoma huku akiburutwa, mpaka dume akalegea na kuwaangukia wote wawili.

Damu ya paja ilikuwa ikiruka. Venjamin akavua mkanda, akaufunga juu ya jeraha, akauvuta kwa mikono yote miwili.

Aivo, mdogo wake Heldur, akafika. Akamtazama kaka yake, akamtazama dume.

"Ulisema amekufa."

"Nilikosea neno, Aivo. Nilitaka kusema..."

Kitako cha bunduki kikampata tayani. Venjamin akasikia meno yakivunjika, mdomo ukajaa damu, lakini mkanda hakuuachia. Aivo akampiga teke la mbavu, kisha jingine, akisema kwamba Mrusi huyu amempeleka kaka yake machinjoni kwa ulimi wake. Venjamin hakujikinga. Aliinamisha kichwa tu na kuvuta.

"Aivo," Heldur akasema kwa shida. "Akiachia huo mkanda, nakufa."

Ndipo Aivo akaacha, akaenda kando kutapika.

Hospitalini, mjini Rakvere, walimkata mzee mguu juu ya goti. Siku kadhaa Venjamin aliishia kwenye korido, taya limefungwa bendeji, akimwacha Merike aingie peke yake. Siku aliyojikaza akaingia, Heldur alimtazama taya.

"Binti yangu amenieleza habari ya siga na sea," akasema. "Ningekuwa na miguu yote siku aliponieleza, ningekupiga kuliko alivyokupiga Aivo."

"Najua, baba."

"Mguu haurudi."

"Najua."

Mzee akageukia dirisha. Nje theluji ilikuwa ikianguka juu ya magari. Kisha, bila kumtazama, akalisukuma bakuli la uji wa shayiri upande wake, akamwambia avute kiti akae, kwa kuwa uji wa hapa hauhitaji kutafunwa.

Venjamin akaketi. Kijiko cha kwanza kilimuuma mpaka machozi yakamtoka, naye akayaacha yatoke.