Ndege Wasio na Miguu

Padre Morvale aliwabatiza watu wengi wa Ihanja, lakini jina lake mwenyewe halikuwa na wa kulirithi. Mambo ya Wanyaturu, wenyeji wa hapo, aliyajua mpaka rangi za ng'ombe wao. Ya ukoo wake huko Ufaransa akaanza kuyatafuta uzeeni, Mwingereza akiwa ameshazoeleka nchini, kwa kuandikia parokia za huko na kuchungulia pete ya babu yake kwa kioo cha kukuzia. Juu ya pete ile kulichongwa ngao yenye ndege watatu.

Alimtaka Luciana, mshonaji wa vitambaa vya altare, amtarizie ngao hiyo kwenye kitambaa cha kumzikia.

"Baba, mbona hawana miguu?" Luciana aliuliza.

"Ndivyo walivyo. Zamani kwetu ndege huyu alikuwa alama ya mtoto asiyerithi ardhi. Anaruka tu, hana pa kutua." Akamweleza habari za Tibo, wa kwanza kubeba ngao ile, aliyekwenda vitani ng'ambo zaidi ya miaka mia saba nyuma na kaburi lake halijulikani. "Kila nikimfuata, ananipotelea njiani."

Luciana alichukua kazi nyumbani. Alikuwa na mazoea ya kumtaja mwenye nguo wakati wa kushona, ili mkono usikosee. Basi, kwa kuwa ngao ilikuwa ya Tibo, akawa anasema Tibo, Tibo, na pembeni yake mkwewe Selina, mimba ikiwa imemlemea, akipeta mtama.

Mtoto alizaliwa akilia, na hakunyamaza. Ziwa alilikataa. Hilo halikumshangaza mtu; mtoto akilia hivyo anadai jina, kuna marehemu anayetaka kurudi. Wifi yake Luciana, Anastasia, aliitwa ayataje majina ya ukoo, maana ndiye aliyeyajua yote. Alimpakata mtoto akaita babu baada ya babu, kisha wa upande wa Selina, hata waliokufa wadogo. Majina yakaisha. Sauti ya mtoto ilikuwa imekonda, na midomo imekauka.

Luciana alilijua jina lililobaki. Alilijua tangu asubuhi ya kwanza, kila alipotazama kitambaa cha padre alichokitundika ukutani. Hasira zilimpanda: Ulaya yote ile, na wafu wa padre waje kutafuta pa kukaa nyumbani kwake! Akilitaja, anampa mjukuu wake mtu asiyetua popote. Akinyamaza, watamzika.

"Tibo," alisema.

Mtoto akanyamaza. Akageukia ziwa, akanyonya.

Selina alilia kwa furaha. Anastasia akauliza, "Huyo ni wa kwa nani?" Luciana alishusha kitambaa, akachukua uzi mwekundu, akawatia ndege wote miguu, kucha na kila kitu, akaenda nacho misheni.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina," alijibu padre, kisha akakiona kitambaa na uso ukambadilika. "Umeharibu, Luciana! Hawa si ndege wetu tena."

"Ndiyo, Baba. Mmoja ni wangu sasa." Akamweleza yote.

Mambo ya namna hiyo padre aliyakemea kila Jumapili. Safari hii aliketi.

"Bado analia?"

"Hapana, Baba. Amelala."

"Basi ametua," alisema padre, na machozi yakamtoka. Alifurahi mzee wa watu, alifurahi kama aliyepokea mgeni wa siku nyingi, na furaha ile ilimuuma Luciana kuliko kama angemfukuza.

Mtoto akanenepa. Watu walimsifu. Lakini kila asubuhi, kabla ya kusalimiana na mtu, Luciana humfunua mjukuu wake amshike nyayo. Hajatambaa bado, na analala katikati ya mama yake na ukuta. Nyayo huwa baridi, zimelowa umande. Luciana huzifuta kwa khanga, huzisugua mpaka zipate joto, ndipo humwamsha kwa jina lake.