Maji ya Makinda

Dafrosa alikuwa anawajua korongo wale wawili kuliko alivyowajua baadhi ya majirani zake. Walikuwa ndege warefu, wanamfika kifuani, mdomo mwekundu wenye mkanda mweusi katikati. Huu ulikuwa mwaka wa sita wanataga juu ya mgunga ule ule, pembeni ya mbuga ya majimaji inayopakana na majaruba ya mpunga yake na mumewe Ponsian, huko Kabungu. Jike alimtambua kwa jicho la njano. La dume lilikuwa jeusi. Walitembea majini hatua moja moja, kimya, na wakimnasa kambare walimwosha matope kwanza ndipo wakammeza. Hilo lilimchekesha kila mara.

Kilichomshangaza zaidi ni jinsi walivyolea. Jua likiwa kali, mmoja alijaza maji mdomoni, akaruka hadi kiotani, akawamwagia makinda. Kisha akarudi kuchota mengine.

Mwaka huu mvua ilikatika mapema. Ponsian na jirani yao Amedeus walipanga viroba vya mchanga wakaziba kijito, maji yote yakaingia kwenye mpunga wao. Kufikia Julai mbuga ilikuwa imepasuka nyufa za kuingia mguu.

"Baba Glory, fungua maji kidogo," Dafrosa alisema. "Wale ndege watoto wao wanakufa."

"Mpunga ndo unatoa masuke. Nivumilie wiki tatu."

"Wiki tatu hawafiki."

Dafrosa akaendelea kwenda kuangalia. Dume alizoea kurudi na maji baada ya dakika chache. Sasa alipotea nusu ya asubuhi, na akirudi hakuna kilichodondoka mdomoni. Makinda walikuwa watatu. Siku moja Dafrosa alimkuta mmoja chini ya mti, amekufa, mwepesi, ulimi umekauka. Akambeba kwenye kanga hadi nyumbani, akamweka mezani mbele ya mumewe aliyekuwa anakula.

Ponsian aliacha kula. Kesho yake asubuhi alichukua jembe akavipasua viroba.

Amedeus alikuja mbio. "Ponsi, umerogwa? Na mimi je?"

Maji yalishuka, meusi, yenye povu. Dafrosa na mumewe waliyafuata kwa miguu. Nyufa ziliyanywa. Hata nusu ya njia ya kwenda mgungani hayakufika. Yaliishia kwenye matete, yakatulia, yakapotea. Walipofuata kijito kwenda juu kutazama, kilikuwa kimebaki tope.

"Na huko juu wameziba," alisema Amedeus aliyekuwa amewafuata. "Kila mtu kaziba. Haya tuliyokuwa nayo ndo yalikuwa ya mwisho."

Dafrosa alibeba ndoo kutoka kisimani, akajaza beseni chini ya mti, akajificha mbali. Korongo hawakushuka. Akalisogeza kwenye uwazi, hawakushuka. Siku ya nne kinda wa pili hakuinua tena shingo, na kesho yake wa tatu. Jike alibaki amesimama juu yao, mbawa amezitandaza kuwatilia kivuli, siku mbili nzima. Kisha yeye na dume wakaruka kuelekea kusini, wasirudi.

Mpunga ulitoa masuke meupe, matupu. Ponsian aliyaponda moja baada ya jingine kwa vidole. Kanisani Amedeus alihama benchi walilokuwa wakikaa pamoja.

"Ningejua nisingefungua," Ponsian alisema jioni moja.

"Ungefungua mwezi wa sita, maji yalipokuwepo," Dafrosa alisema.

"Mwezi wa sita ningejuaje?"



Mwezi wa tisa binti yao Glory, aliyeolewa Makanyagio, alipiga simu kuuliza aje lini kusaidia kuvuna. Dafrosa akamwambia asije, hakuna cha kuvuna.

"Na wale ndege wako, mama, wamekuza watoto?"

"Subiri, baba yako ananiita," Dafrosa alisema, akakata simu. Ponsian alikuwa amelala ndani tangu asubuhi, na hakuwa amemwita mtu.